Shosho Akirudi Kwenye Lugha Yake

Kona Baridi, pale barabara ya Magadi inapoiacha Kiserian na kuanza kuteremkia Bonde la Ufa, upepo haupumziki. Nyumba nyingi mpya za huku, kama zile za Kitengela, ni za watu wanaofanya kazi Nairobi. Wakishajenga, humleta mzazi aliyebaki peke yake ushago. Dimenshia ikiwa imeshaingia, ndipo nyumba nzima huanza kutoelewana.

Maradhi haya aghalabu hufuta kumbukumbu za karibuni kwanza, za utotoni zikakawia. Mzee aliyefundisha kwa Kiingereza na kuuza sokoni kwa Kiswahili anaweza kubakia na Kimaasai, Kikuyu au Kikamba tu. Wajukuu hawakijui. Dada wa kazi katoka Bungoma. Shosho anaomba maji, analetewa blanketi. Akifoka, wanasema siku hizi amekuwa mkali. Ukali gani? Ana kiu.

Kutoelewana huku si jambo dogo. Oktoba 2021, huko Marani, Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa kwa moto wakituhumiwa uchawi. Na kusema peke yako au kutangatanga usiku, mambo yawezayo kuwa dalili za dimenshia, bado kuna wanaoyaita urogi.

Kumsahihisha hakusaidii. Akiuliza alipo mumewe aliyefariki zamani, usimpe msiba mpya kila asubuhi, mwulize walivyokutana. Zima televisheni, keti mbele yake, uliza jambo moja, kisha ngoja. Ngoja kweli, maana jibu huchelewa. Wajukuu wafundishwe kwa lugha yake angalau maji, choo, baridi na maumivu. Akivurugikiwa ghafla, mpelekeni hospitali: huenda ni maambukizi ya mkojo, na hayo hutibika.

Anayebeba haya yote mara nyingi ni binti mmoja. Elizabeth Mutunga, aliyemuuguza baba yake, alianzisha shirika la Kenya linalowakutanisha walezi wa namna hii wazungumze. Serikali, kupitia Inua Jamii, hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee waliotimiza miaka 70. Hizo huishia kwenye nepi.

Ndugu nao hutuma M-Pesa na kujiona wamemaliza. Hawajamaliza. Wewe uliye Nairobi, Ijumaa hii panda matatu ya Kiserian, mwache dada yako alale hadi Jumapili, ukae na mama wewe.