Nyasi Zinazolindwa kwa Kukatwa

Tukisikia neno "hifadhi", wengi wetu tunafikiria mahali palipofungwa: mtu asilime, asikate, asichunge. Vijiji vya Transylvania, nchini Romania, vinatudai tupanue maana hiyo. Huko kuna nyasi ambazo hubaki na uhai wake kwa sababu wakulima wanazikata.

Mahali pa nyasi hizo huitwa fâneață. Hapalimwi, nyasi hukatwa majira ya joto, zikakaushwa na kuwekwa akiba ya chakula cha ng'ombe na kondoo wakati wa baridi. Jina hilo limetokana na fân, yaani nyasi kavu za mifugo, neno lenye asili ya Kilatini. Lakini coasă, mundu mkubwa wa mpini mrefu, na otavă, nyasi zinazochipuka baada ya mkato wa kwanza, ni maneno yaliyotoka lugha za Kislavoni. Msamiati wenyewe unaonyesha kazi ya zamani iliyopita kati ya majirani.

Mkato mmoja au miwili kwa mwaka huzuia vichaka, na nyasi ndefu hazipati nafasi ya kuisonga mimea midogo. Karibu na mji wa Cluj, watafiti walihesabu aina 98 za mimea katika mita za mraba 10 tu.

Kati ya 1949 na 1962, serikali ya kikomunisti ilikusanya mashamba mengi kuwa mali ya pamoja, ila vijiji kadhaa vya milimani viliachwa. Utawala huo ulianguka 1989. Sheria namba 18 ya 1991 ikarudishia familia ardhi, kwa kawaida isiyozidi hekta 10. Ardhi ikagawanyika vipandevipande, na vijana wengi wakaenda Italia na Hispania kutafuta kazi. Pasipo mkataji, vichaka huingia, kisha msitu. Kuliacha shamba kunaharibu, sawa na kulitia mbolea nyingi ya viwandani.

Romania ilipoingia Umoja wa Ulaya mwaka 2007, wakulima walianza kulipwa ili wasitie mbolea hiyo na wasikate mapema; sehemu nyingi, si kabla ya tarehe 1 Julai. Lakini malipo yalidai angalau hekta 1, na kila kipande kisipungue hekta 0.3. Mzee mwenye vipande vidogo hapati kitu, ingawa mundu wake unafanya kazi ileile. Tena tarehe ni moja, mwaka uwe wa mvua au wa ukame, wakati mkataji husoma nyasi na mawingu.

Kwetu sisi wanafunzi wa lugha, jambo hili lina uzito wake. Otavă inaweza kubaki katika kamusi, lakini anayeijua kwa mkono ni yule aliyekata mara ya kwanza na kungoja ya pili. Mpango wa kulinda nyasi hizo usipomwezesha mtu huyo kuishi kijijini, utapoteza mimea pamoja na maneno yake.