Giaboksi Inapolia

Lori lililosheheni mzigo huondoka Bunda kuelekea Musoma, na kabla halijafika Makutano, pale ichepukapo njia ya Butiama, dereva husikia mvumo ambao jana haukuwapo. Hukumu hutolewa papo hapo: giaboksi imekufa, ishushwe. Kazi hiyo hula siku nzima na fedha nyingi, na pengine chombo kilichoshushwa ni kizima kabisa.

Fundi mwenye busara huuliza kwanza: ni sehemu zipi zinazozunguka wakati mlio unaposikika? Gari likisimama, injini ikiwaka na gia ikiwa imetolewa, shafti ya kwanza ya giaboksi huzunguka pamoja na injini. Klachi ikikanyagwa, husimama. Kwa hiyo mlio unaonyamaza klachi inapokanyagwa hutoka ndani ya giaboksi, aghalabu kwenye beringi. Unaoanza wakati huo ni wa beringi ya klachi yenyewe. Ule usiojali klachi hata kidogo umo katika injini, na katika injini nyingi za dizeli huweza kuwa wa gia ziendeshazo kamshafti.

Namna ya mlio nayo ina maana. Gia yenye meno 20 izungukayo mara 30 kwa sekunde hukutanisha meno mara 600 kwa sekunde, na sikio hupokea mvumo mwembamba. Meno yote yakilika, mvumo huo huzidi. Lakini jino moja likivunjika, kishindo hutokea mara moja tu kwa kila mzunguko, yaani mara 30. Mwendo ukipungua, mwanafunzi aweza hata kuvihesabu.

Mafundi huegemeza ncha ya bisibisi ndefu juu ya giaboksi na mpini sikioni. Huo si ushirikina. Mtetemo wa chuma hupenya hewani kwa shida, bali ndani ya chuma husafiri bila kizuizi. (Feni iepukwe!)

Hatimaye oili imwagwe na kutazamwa. Vumbi laini la chuma ni la kawaida. Kipande cha jino ni jambo jingine, kwani kikinaswa kati ya gia mbili huweza kukwamisha magurudumu ghafla. Lori hilo livutwe, na propela shafti ifunguliwe kwanza, la sivyo magurudumu ya nyuma yataendelea kuizungusha giaboksi njia nzima hadi Musoma.