Hofu ya Kuanguka Yawafunga Wazee Majumbani

Katika mitaa yetu ya pwani, tangu Mji wa Kale wa Mombasa hadi Lamu, mzee akiacha kutoka watu husema ni uzee tu. Alikuwa haikosi jamaa ya Alfajiri. Sasa aswali chumbani. Alikuwa akikaa barazani na wenzake baada ya Alasiri. Sasa mahali pake ni patupu. Ukidadisi vyema utaambiwa kwamba miezi michache nyuma aliteleza chooni. Hakuvunjika mfupa, alikandwa akapoa, lakini tangu siku hiyo hatoki.

Uzee haukumjia siku ile moja. Kilichomjia ni hofu.

Wala hofu hii si deko. Mwaka 1982 madaktari wawili, Murphy na Isaacs, waliandika habari za wazee walioanguka ambao hata baada ya hapo walikuwa wakishikashika kila kilicho karibu, wasiweze kwenda bila kushikwa, na hali mwilini hamkuonekana ila ya kutosha kueleza jambo hilo. Miguu ilikuwapo, imani na miguu ndiyo iliyokwisha.

Tazama basi hofu inavyofanya kazi yake. Mwenye kuogopa hufupisha hatua na kuukaza mwili, kama apitaye juu ya ubao wa kuingilia chomboni. Kisha hupunguza safari. Paja, ambalo ndilo limwinualo mtu kitini, hunywea kwa kukosa kazi, na mguu hupoteza wepesi wa kuuwahi mwili unapoyumba. Miezi ikipita, aliyekuwa akiogopa kuanguka huwa mwepesi wa kuanguka kwelikweli.

Nasi watoto na wajukuu twamharibu kwa mapenzi. "Bibi, kaa, nitakuletea maji." "Babu, usishuke ngazi peke yako." Maji yaletwa, na hatua ishirini alizokuwa nazo siku nzima zimechukuliwa.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi hasa. Swala za fardhi kwa siku ni rakaa 17, na katika kila rakaa mtu hurukuu na kusujudu mara mbili. Kwa mzee asiyefanya kazi nyingine, huenda hilo ndilo zoezi lake pekee la magoti na mapaja. Ruhusa ya kuswali kwa kukaa ipo, nayo ni ya asiyeweza kusimama. Hatutoi fatwa hapa. Mwenye shaka amwulize sheikh wake, na daktari wake pia. Lakini aliyehamia kitini kwa hofu tu, na miguu ingali na nguvu, ajue kwamba mwili wake utakidai kile alichouacha. Kadhalika mjane aliye edani. Miezi minne na siku kumi za kukaa ndani si amri ya kukaa kitako. Ua upo, na ukumbi upo, atembee.

Je, mazoezi yafaa kitu kwa mtu wa umri huo? Huko New Zealand, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1997, wanawake wa miaka 80 na zaidi walifundishwa majumbani mwao mazoezi ya kutia miguu nguvu na kusimama imara, na wakaanguka mara chache kuliko wenzao. Mwaka 2019 wataalamu walikusanya majaribio 108 ya namna hii, yenye watu zaidi ya 23,000 kutoka nchi 25, wakaona mazoezi yamepunguza kuanguka kwa kiasi cha asilimia 23. Si dawa ya miujiza, lakini ni vidonge vingapi vifanyavyo hivyo bila gharama?

Mazoezi yenyewe hayahitaji kiwanja. Mzee aketi juu ya kiti kigumu kilichoegemezwa ukutani, ainuke bila kujisukuma kwa mikono akiweza, akae tena polepole. Aanze na mara tano. Ashike ukingo wa meza, apande juu ya vidole vya miguu, ashuke. Asimame kwa mguu mmoja kwa kuhesabu kumi, mkono u karibu na meza. Afanye hivi mara tatu kwa wiki, na siku nyingine atembee.

Kabla ya kuanza, apimwe. Kizunguzungu cha kuinuka ghafla huenda kikatokana na dawa za shinikizo la damu. Na mtoto wa jicho hutolewa. Nyumba nayo itazamwe: ngazi zetu za mawe ni kali na giza, basi taa iwekwe na kamba ya kushikia ifungwe. Sakafu ya kutawadhia ikaushwe, na kandambili zilizolika zitupwe.

Siku ya kwanza ya kurudi msikitini, bora iwe Alasiri, kungali na mwangaza, kuliko Alfajiri. Mjukuu asimkokote babu kwa mkono. Aende kando yake, upande wa mguu ulio mnyonge, tayari kumdaka.