KELELE SI NGUVU

Ndugu mfanyakazi, ukikaa Kasenyi siku ya soko, pikipiki inayotoka Bunia utaisikia kabla ya kuiona. Mwenyewe alipita garaji, akakatisha silensie, yaani lile bomba nene la nyuma linalozima sauti ya moshi. Anasema: "Sasa inanguruma kama gari la Safari Rally. Tena imepata nguvu." Na kweli, pale ziwani anaona inavuta vizuri kuliko Bunia.

Tumwulize: nguvu hiyo imetoka wapi? Bunia iko zaidi ya mita 1.200 juu ya bahari. Ziwa Albert liko karibu mita 620. Huko chini hewa ni nzito zaidi. Mota inapumua kama mtu: kila ikipanda mita 100 inapoteza karibu asilimia 1 ya nguvu zake, na ikishuka inazirudisha. Pikipiki yenye silensie nzima ingepata faida ile ile. Hewa ndiyo iliyosaidia, si msumeno.

Bomba la moshi si kopo tupu. Moshi unatoka kwa mapigo. Bomba likiwa na urefu na upana wa haki, kila pigo linavuta nyuma yake moshi uliobaki, na hewa mpya inaingia. Ukikata kwa kukisia, unaharibu mvuto huo, zaidi katika mwendo wa polepole, pale unapohitaji nguvu za kupanda kwenda Bogoro na mzigo wa samaki. Kabureta isiporekebishwa, hewa inaweza kuzidi esanse, joto likapanda na valvu ikaungua. Gari la mashindano nalo lina bomba la namna yake, lakini mafundi wanalipima kwa mashine na kurekebisha mota yote, na dereva anakinga masikio yake.

Sasa tuseme juu ya afya.

Masikio. Kelele ya desibeli 85, mtu asiizidishe saa 8 kwa siku. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unakatwa nusu: kwa desibeli 100 zinabaki dakika 15 tu. Wewe uliyeshinda kazini karibu na mashine ya kutoboa mwamba, sikio lako limekwisha kula fungu lake. Usiliongezee lingine njiani. Na jirani yako wa zamu ya usiku analala mchana; akikosa usingizi kwa ajili yako, kesho anaingia mgodini na kichwa kizito.

Sumu. Katika moshi wa mota mna monoksidi ya kaboni, ile ile iliyo katika moshi wa baruti. Haina rangi wala harufu. Bomba la gari likitobolewa, sumu inaweza kuingia ndani, mahali mama na watoto wamekaa. Usiwashe mota katika garaji iliyofungwa. Kichwa kikiuma na kizunguzungu kikija, zima, toka nje, pata hewa safi, nenda kwa mganga.

Hofu. Ukifunga gesi katika mteremko, esanse isiyoungua inakutana na hewa ndani ya bomba bovu na kupasuka: pa! pa! Mahali pengine watu watacheka. Hapa kwetu Ituri tumeona vita tangu 1999, na mwaka 2018 watu maelfu walivuka ziwa kukimbilia Uganda. Mtoto akisikia mlio huo, hafikiri ni pikipiki. Anakimbia.

Basi, baba, na ninyi vijana: unataka nguvu? Safisha filta ya hewa, rekebisha kabureta, angalia mnyororo na mipira. Bomba likioza, tia lingine la aina ile ile.

Piesi ya pikipiki inauzwa sokoni. Piesi ya sikio haiuzwi.