Amplifaya kuukuu usiitupe, tafuta kwanza kilichoiua

Na Mwandishi Wetu

ANAYERUDI nyumbani baada ya miaka mingi ugenini harudi mikono mitupu. Mmoja huleta cherehani, mwingine baiskeli, na mwingine huleta muziki. Mjomba wangu ni wa kundi hili la mwisho. Aliporejea Kigali kutoka Uingereza alikuja na amplifaya aina ya Quad 405, mzigo wa kilo tisa hivi, wenye mapezi meusi ya kupoza joto upande wa mbele.

Amplifaya hiyo ilitumika kwa miaka bila shida hadi siku ya harusi ya binti yake. Vijana waliunganisha spika nne badala ya mbili, wakafungulia sauti hadi mwisho. Kabla keki haijakatwa, moshi ukatoka na upande wa kushoto ukanyamaza. Fundi wa mtaani aliitengeneza, ikapiga dakika kumi, ikafa tena.

"Mpwa wangu, ipeleke kwa wanunuzi wa vyuma chakavu," mjomba akaniambia.

Nikamwomba wiki mbili. Niliyoyaona ndani ya kasha hilo yanawahusu wote walio na kifaa kama hicho chini ya kitanda, na wafanyabiashara wanaovusha vipuri mipakani.

Ilivyoundwa

Quad 405 ilitoka mwaka 1975 katika kiwanda kilichokuwa Huntingdon, Uingereza, kilichoasisiwa na mhandisi Peter Walker. Hutoa wati 100 kila upande. Ndani yake amplifaya ndogo yenye usahihi mkubwa hutunza ubora wa sauti, na transista kubwa husukuma nguvu tu. Kwa mpangilio huo hakuna skrubu ya kurekebishwa baada ya kubadili transista, jambo linalomrahisishia anayeitengenezea nyumbani.

Faida nyingine ni kwamba pande mbili za amplifaya hii zinafanana. Ukikosa mchoro, upande mzima ndio mchoro wako. Unapima sehemu moja kwenye upande mzima, kisha sehemu ileile kwenye ule uliokufa. Penye tofauti ndipo pa kuanzia.

Chomoa, kisha subiri

Kabla ya kugusa chochote, ndugu msomaji, elewa kwamba kuchomoa waya ukutani hakutoshi. Ndani kuna kapasita mbili kubwa zinazoweka umeme hata baada ya kuzima. Kila moja hubeba volti 50 hivi, na zote mbili pamoja ni volti 100. Chukua rezista ya omu 1,000 yenye uwezo wa wati 5, uishike kwa koleo lenye mpini wa plastiki, uiweke kwenye miguu ya kapasita kwa dakika moja. Fanya hivyo kwa kila moja, kisha hakikisha kwa mita kwamba volti zimeisha. Usitumie bisibisi kuzipiga shoti. Cheche yake huweza kukuumiza macho na kuharibu kapasita.

Makosa matatu

Baada ya kupima niligundua mambo matatu. Kwanza, spika za harusini zilikuwa za omu 4 kila moja. Mbili zikiunganishwa pamoja upande mmoja zinakuwa omu 2, mzigo ambao amplifaya hii haikutengenezewa.

Pili, fyuzi ilikuwa imezungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Fyuzi ya namna hiyo haikatiki, kwa hiyo kinachoungua ni kile ilichowekwa kukilinda.

Tatu, fundi alifunga transista 2N3055. Umbo lake ni lilelile na matundu ya skrubu yanalingana, lakini inastahimili volti 60 tu, wakati mle ndani kuna volti 100. Mafundi wengi hutumia MJ15003, inayostahimili volti 140. Kumbe dakika kumi zile zilikuwa bahati.

Balbu ya mlinzi

Baada ya kubadili transista, rezista mbili zilizokuwa nyeusi na maika iliyochanika, sikuichomeka moja kwa moja. Niliunganisha balbu ya zamani ya waya, ya wati 60, katika njia ya umeme unaoingia. Balbu ikimulika kwa nguvu mara moja kisha ikafifia, mambo ni mazuri. Ikiendelea kuwaka sana, kuna shoti, na balbu imekuokolea vipuri. Balbu za LED hazifai kwa kazi hii.

Hata hapo usiharakie kuunganisha spika. Pima kwanza matundu ya spika kwa mita. Ukikuta milivolti chache, endelea. Ukikuta volti 50, spika yoyote utakayoweka itaungua papo hapo.

Kwa wanaovusha vipuri

Transista bandia ni nyingi sokoni, na jina lililochapwa mgongoni si ushahidi. Nilihitaji mbili, nikanunua tatu, nikaipasua moja kwa koleo. Silikoni ya ndani ilikuwa ndogo kama punje ya mtama. Ile ya asili iliyoungua, nilipoipasua pia, ilikuwa na silikoni kubwa kama ukucha wa kidole kidogo. Nilizirudisha dukani, nikatafuta kwingine. Mfanyabiashara anayenunua boksi zima apasue moja kabla ya kulipa. Hasara ya transista moja ni ndogo kuliko kupoteza wateja wote wa upande wa pili wa mpaka.

Aidha, anayeleta vifaa kutoka nje aangalie volti nyuma ya kasha. Cha Marekani ni volti 120 na cha Japani 100, wakati kwetu ni 220 hadi 240. Kama hakina swichi ya kubadilisha, kinahitaji transfoma ya kushusha umeme.

Amplifaya ya mjomba sasa inapiga pande zote mbili. Nyuma yake amebandika karatasi aliyoiandika kwa mkono wake: spika mbili tu, hata kwenye harusi.