Msajili akifunga kazi, jina la kanisa libaki la kanisa



Mwezi wa Juni 2023 Google ilitangaza kwamba inaacha kazi ya kuandikisha majina ya tovuti na kuiuzia Squarespace. Majina karibu milioni 10 yalihusika. Februari 2024 Freenom, kampuni iliyokuwa ikitoa bure majina yanayoishia na .tk, .ml, .ga na .cf, nayo ilitangaza kuacha. Parokia nyingi maskini hupenda cha bure. Lakini aliyechukua jina la bure alikuwa mtumiaji tu, mwenye jina alikuwa kampuni.

Washirika wa Bisie wataelewa haraka. Mfuko wa kasiterite unaweza kubadilisha mbebaji njiani, lakini etiketi yake ndiyo inaonyesha umetoka wapi. Msajili ni mbebaji, jina la tovuti ndiyo etiketi. Jina likikwisha muda bila kulipiwa, mtu mwingine anaweza kulinunua, aweke picha za kanisa letu na namba yake ya simu, kisha aombe sadaka kwa ajili ya wakimbizi wa Masisi na Walikale. Ndugu walio mbali watatuma pesa wakidhani ni sisi.

Basi mkipata habari kwamba msajili wenu anafunga, fanyeni hivi:

1. Hakikisheni habari ni ya kweli. Msibonyeze kiungo cha ujumbe. Ingieni wenyewe kwenye akaunti yenu.
2. Tazameni jina na baruapepe ya mwenye jina. Iwe ya kanisa, si ya kijana aliyeitengeneza akahamia Goma au Kampala.
3. Nakilini maelezo yote yanayoelekeza tovuti na baruapepe. Kuhamisha jina hakuhamishi kurasa zenu. Zikiwa kwa kampuni hiyo hiyo, zihifadhini pia.
4. Ondoeni kufuli ya jina, ombeni namba ya siri ya kuhamisha, mpeni msajili mpya peke yake.
5. Lipeni, kisha thibitisheni. Kwa majina ya .com na .org uhamisho huchukua siku chache, na kwa kawaida mwaka mmoja huongezwa. Jina lililoandikishwa au kuhamishwa chini ya siku 60 zilizopita kwa kawaida halihamishiki. Jina la .cd lina kanuni zake, ulizeni kwanza.

Msingoje wiki ya mwisho. Kwetu mtandao unaweza kukatika siku nyingi.

Yeremia alinunua shamba la Anathothi wakati Yerusalemu imezingirwa na yeye mwenyewe amefungwa. Alipima shekeli 17, akaita mashahidi, akaagiza hati ziwekwe katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi (Yeremia 32). Vita havikumzuia kutunza karatasi vizuri.

Jumapili hii wazee wa kanisa waulizane: jina letu limeandikwa kwa nani, linakwisha lini, na ni watu gani wawili wanaotunza neno la siri?