Ukitafuta Kazi, Tazama Utakuwa Chini ya Nani

Huenda kijana wako amemaliza shule, na sasa nyumbani mwahesabu: aende wapi, atalipwa shilingi ngapi? Swali la mshahara ni la haki, maana chumvi hainunuliwi kwa matumaini. Lakini liko jingine tunalolisahau: huyo atakayemsimamia ni mtu wa namna gani?

Vijana wawili wa kigango chetu walikwenda mjini kujifunza ufundi wa magari. Wa kwanza alipata gereji kubwa yenye posho nzuri. Miaka mitatu aliosha vyuma, akachemsha chai, akatumwa vipuri. Injini ilipofunguliwa aliambiwa asogee pembeni. Wa pili alikwenda kwa mzee mmoja mwenye banda la mabati, posho ya kula tu, tena mzee mwenyewe mkali. Lakini mzee huyo alimpa spana mwezi wa kwanza, akamwacha akosee kwenye injini kuukuu, kisha akamwonyesha kosa lake. Leo gari la parokia likigoma, huyo ndiye anayeitwa. Mwenzake alirudi nyumbani; simcheki, maana hakukosa akili, alikosa mwalimu.

Basi, utamjuaje msimamizi mwema? Usimwulize yeye, kila mtu ni mwema mdomoni mwake. Waulize waliokuwa chini yake wakaondoka. Wanajitegemea? Walilipwa kwa wakati? Mimi nilipotoka chuo cha ualimu sikuuliza, nikapata mkuu ambaye mwaka mzima hakuingia darasani mwangu hata mara moja. Nilifurahi, kumbe nilikuwa nikizeeka na makosa yangu.

Hapa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo kwa maandishi: kazi gani, saa ngapi, mshahara gani. Saa za kawaida zisizidi 45 kwa juma. Mwajiri anayekasirika akiombwa karatasi hiyo amekwisha kujitambulisha. Na banda la mabati lisikutishe: VETA huwapima mafundi waliojifunza kazini, ikawapa cheti wanaofaulu.

Kabla ya safari, mkubaliane ni ujuzi upi kijana awe nao mwaka wa kwanza ukiisha. Akirudi Krismasi, kabla hujatazama alichobeba, mwulize ni kazi gani sasa anaiweza peke yake.